Makrofaji, Shags Yako Ni Wapi?

Kama uko na tatuu, kuna kitu msanii hakukuambia. Ule wino haujakaa kwa ngozi tu hivi, kama rangi kwa ubavu wa matatu. Uko ndani ya seli. Sindano ilipopita, seli fulani za ngozi ziliona uchafu umeingia, zikaumeza. Shida ni kwamba wino haumeng'enyeki, kwa hivyo zimekaa nao tu tumboni. Mwaka wa 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walichora tatuu kwa mikia ya panya, halafu wakaua seli hizo zote pale kwa ngozi. Tatuu haikuenda mahali. Zilizokufa ziliachilia wino, zingine mpya zikafika, zikaumeza wino uleule. Yaani unavaa tatuu moja, lakini wanaokushikia wanabadilishana zamu.

Seli hizo zinaitwa makrofaji. Vile wengi wetu tulifundishwa, ni kitu kimoja: kidoa kinachomeza bakteria, mistari miwili kwa daftari, twende mbele. Lakini ziko kwa ini, mapafu, ubongo, wengu, ngozi, mifupa, na kila mahali ziko tofauti. Kuzitofautisha kumechukua watu zaidi ya miaka 140, na bado wanabishana.

Nimeanza na tatuu juu hadithi yote ni ya rangi. Unamwaga rangi, unaona ni seli gani imeshika, unaipa jina. Na karibu kila mara jina lilikosea njia. Wale wasee hawakuwa wajinga, walikuwa vichwa kweli. Rangi ndiyo ilikuwa inajibu swali lingine, si lile waliuliza.

Turudi 1882, Messina, kule Sicily. Kuna jamaa anaitwa Élie Metchnikoff, mtaalamu wa wanyama, aliyezaliwa 1845 karibu na Kharkiv, Ukraine ya leo. Mwaka huohuo alikuwa ameacha kazi ya kufundisha chuo kikuu cha Odessa juu ya siasa. (Mimi niliacha masomo, yeye aliacha mshahara. Tusilinganishwe.) Siku moja familia inaenda sarakasi kuona nyani waliofunzwa michezo, yeye anabaki nyumbani na maikroskopu. Anaangalia mabuu ya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Mabuu yenyewe ni angavu kama kioo, unaona hadi ndani. Anaona seli zinatembea, anajiuliza: na kama hizi ndizo askari? Anatoka bustanini, anachukua mwiba, anaudunga ndani ya buu. Usiku hapati usingizi. Asubuhi anapata seli zimeuzingira mwiba.

Leo unasoma hiyo unasema sawa, kwani kulikuwa na lingine? Lilikuwepo. Wakati huo madaktari wengi waliona usaha na uvimbe kama sehemu ya ugonjwa wenyewe. Wakiona chembe nyeupe ya damu iko na bakteria ndani, walidhani inambeba na kumsambaza mwilini, kama boda na abiria. Metchnikoff akasema hapana, anamla. Akawagawa walaji kwa ukubwa: wadogo akawaita mikrofaji, wakubwa makrofaji. Wale wadogo siku hizi tunawaita neutrofili. Wakubwa walibaki na jina lao, na yeye akapata Nobel ya 1908 pamoja na Paul Ehrlich, ambaye alitoka kambi ya pili, ile ya watu walioamini kinga iko kwa maji ya damu.

Kwa hivyo kipimo cha kwanza kabisa kilikuwa macho. Mkubwa, mdogo. Basi.

Lakini kuna watu walikuwa washakutana na hii familia bila kujua ni kina nani. Mwaka wa 1868, Berlin, mwanafunzi wa udaktari anaitwa Paul Langerhans, miaka 21 hivi, alipaka kipande cha ngozi ya mtu kloridi ya dhahabu. Dhahabu ndiyo ilikuwa dawa ya kuonyesha neva siku hizo. Akaona seli nyeusi zenye matawi, akasema hizi ni za neva. Na ungemlaumu vipi? Zina matawi, zimeshika rangi ya neva. Baada ya zaidi ya miaka 100 ndio watu walikubali kwamba hizo ni seli za kinga, zikawekwa kwa kundi la dendritiki. Halafu kwa miaka ya hivi karibuni ikabainika kwamba kwa asili yao ziko karibu zaidi na makrofaji, ila tabia ni ya dendritiki. Seli moja imehama makabila matatu bila kutoka kwa ngozi.

Ile ya Karl Wilhelm von Kupffer ndiyo hunimaliza. Mwaka wa 1876 naye alichukua dhahabu akatafuta neva kwa ini. Akapata seli zenye umbo la nyota, akaziita hivyo tu, seli za nyota. Baadaye, 1898, akaona kwa ini seli zinazomeza chembe zinazopita kwa damu. Akasema: ni zilezile zangu za 1876. Kila mtu akakubali. Vitabu vikaandika "seli za Kupffer", makrofaji za ini, na jina likakaa.

Sasa, 1971, Mjapani anaitwa Kenjiro Wake anarudia ile kazi ya dhahabu polepole na kwa makini. Anapata kwamba zile seli za nyota za 1876 hazili kitu. Kazi yao ni kuweka akiba ya vitamini A. Walaji ni seli zingine kabisa, majirani tu, ziko ndani ya mishipa midogo ya ini. Miaka 95! Watu wawili tofauti walikuwa wanatumia kitambulisho kimoja karibu karne nzima. Na mtu wa Kraków, Tadeusz Browicz, alikuwa ameziona makrofaji za ini vizuri kabisa wakati uleule wa Kupffer. Ni wachache wanaomtaja. Kupffer alikuwa na jina kubwa, na jina kubwa hubeba vitu vingi.

Kwa ubongo mambo yalienda vizuri kidogo. Madrid, 1919, Pío del Río Hortega alibuni njia ya kutumia kaboneti ya fedha, na ghafla seli ambazo bosi wake Santiago Ramón y Cajal alikuwa ameziacha kwa fungu la "zinginezo" zikatokea wazi. Moja ya hizo akaiita mikroglia: seli ndogo yenye matawi, ambayo ubongo ukiumia inakunja matawi, inanenepa, inaanza kula. Hortega akasema pia kwamba haizaliwi na ubongo, inaingia kutoka nje mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka uliofuata Cajal alimfukuza maabara. Hortega alikufa 1945 akiwa uhamishoni Buenos Aires baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Uhispania. Weka hilo dai lake la kuingia kutoka nje kando, tutalirudia.

Kufikia 1924, Mjerumani Ludwig Aschoff aliamua kuwapanga wote. Mbinu: mwekee mnyama rangi kwa damu, subiri, mchinje, angalia ni wapi rangi imekwama. Kila seli iliyoshika rangi, weka kwa mfumo mmoja. Ndiyo ile ya tatuu, sema tu mwili mzima. Ilikuwa wazo kubwa juu liliwaweka walaji wa ini na wa wengu kwa familia moja. Lakini rangi haina ubaguzi. Hata seli za kuta za mishipa, ambazo huonja tu kidogo, zilijipata ndani ya mfumo. Ni kama kusema kila mtu aliye na vumbi kwa viatu ni mkulima.

Hapo ndipo wataalamu wa Leiden, Uholanzi, wakiongozwa na Ralph van Furth, waliingia na swali tofauti. Waliacha kuuliza nani anakula, wakauliza nani anatoka wapi. Mwaka wa 1968 yeye na Zanvil Cohn walichapisha kazi ambapo walifuata seli za panya zilizowekewa alama ya mnururisho. Waliona zinazaliwa kwa uboho wa mifupa, zinapita kwa damu zikiitwa monosaiti, kisha zinaingia kwa tishu na kuwa makrofaji. Mkutano wa Leiden ukalifanya kuwa sheria: makrofaji zote, za kila kiungo, ni monosaiti waliohama. Shags moja kwa wote, uboho.

Hiyo sheria ilikaa karibu miaka 40. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Ni safi, inaingia kwa mchoro mmoja, mwalimu anaimaliza kabla ya kengele.

Kati hapo kukaja kingamwili za maabara, mbinu ya Georges Köhler na César Milstein ya 1975, na sasa hukuhitaji dhahabu. Unatengeneza kingamwili inayoshika protini moja tu kwa uso wa seli, unaona nani anayo. Mwaka wa 1981 Oxford, Jonathan Austyn na Siamon Gordon, ambaye ni mzaliwa wa Afrika Kusini, walitoa F4/80. Hilo jina halina maana yoyote ya kina, ni lebo ya maabara. Lakini kwa panya ilishika makrofaji vizuri hadi ikawa kama kitambulisho cha taifa. Shida ikaja kwa binadamu: protini inayofanana nayo kwetu hupatikana kwa seli zingine kabisa, eosinofili. Ukibeba kipimo cha panya ukampimie mtu, unakamata mtu asiyehusika.

Halafu 2000 ikaleta M1 na M2, na hapa niko na maoni makali.

Charles Mills na wenzake walilinganisha makrofaji za panya wa koo tofauti. Wakaona zote zinatumia asidi amino moja, arginini, lakini kwa njia mbili. Wengine wanaigeuza kuwa oksidi ya nitriki, ambayo ni sumu ya kuua wadudu. Wengine wanaigeuza kuwa ornithini, ambayo husaidia kujenga na kuponya. Wakaita M1 na M2. Uchunguzi wenyewe ni mtamu, sina neno. Tatizo ni vile jina lilitoroka na watu. Ghafla kila makala ilikuwa na polisi mzuri na polisi mbaya: M1 anapigana, M2 anatibu. Kwa saratani ikageuzwa: M2 ndiye msaliti anayelisha uvimbe, tumgeuze awe M1. Mchoro mzuri, nyekundu kushoto, bluu kulia.

Mwaka wa 2014 kikundi cha Bonn, Ujerumani, kilichukua makrofaji za binadamu kikazichokoza kwa ishara 28 tofauti, kisha kikasoma ni jeni zipi zimewaka. Hazikujipanga pande mbili. Zilitawanyika kila upande. Mwaka huohuo wataalamu wengi waliandika pamoja kuomba wenzao waache kusema M1 na M2 hivi hivi, waseme ni ishara gani walitumia. Na zaidi ya miaka kumi baadaye, ukitafuta makrofaji kwa simu, mchoro wa kwanza utakaokutana nao bado ni nyekundu na bluu. Ninatengeneza maudhui, najua kwa nini. Kitu cha pande mbili kinasambaa. Ila ndiyo hiyohiyo hesabu inamfanya mtu akuuzie unga wa "kuongeza kinga" kana kwamba kinga ni redio iko na kitufe kimoja cha sauti.

Sasa turudi kwa Hortega na lile dai lake.

Mnajua ukikutana na mzee Nairobi, swali la pili huwa "wewe ni wa wapi?" Ukimwambia Kayole anakuangalia vibaya. "Hapana, nauliza kwenu." Anataka shags. Anaamini akijua shags anajua wewe ni nani. Van Furth alikuwa huyo mzee, na alikuwa na jibu moja kwa wote.

Mwaka wa 2010, Florent Ginhoux, Miriam Merad, ambaye alisomea udaktari Algiers kabla ya kuhamia ng'ambo, na wenzao walifanya kitu cha ujanja. Waliweka alama ya kudumu kwa seli za kiinitete cha panya, siku ya saba hivi ya mimba. Wakati huo uboho haujakuwepo, hata mifupa haijakuwepo. Seli za damu za kwanza zinatoka kwa kifuko cha kiini, mfuko mdogo ulioshikana na kiinitete. Panya wakazaliwa, wakakua, wakafunguliwa ubongo. Mikroglia zilikuwa bado na alama. Zilitoka kwa kile kifuko, zikaingia ubongoni mapema kabisa, na zimekuwa zikijizaa zenyewe humo ndani tangu hapo. Hortega alikuwa ameona mbali.

Baada ya hapo ikawa mvua. Makrofaji za ini, za mapafu na zile seli za Langerhans za ngozi zina mizizi kwa kiinitete, na nyingi hujizalisha palepale. Za utumbo, kwa upande mwingine, hutegemea sana monosaiti wapya kutoka kwa uboho. Kwa hivyo van Furth hakudanganya. Alichoona kilikuwa kweli, isipokuwa aliwapa wote.

Ushindi wa wazee wa shags, sivyo? Ngoja. Mwaka wa 2014 watafiti walichukua makrofaji zilizokomaa kutoka kwa tumbo la panya wakazihamishia kwa mapafu ya panya mwingine. Zikaanza kuwasha jeni za mapafu. Si zote, lakini nyingi. Miaka miwili baadaye wengine waliondoa seli za Kupffer kwa ini, na monosaiti wa uboho wakaingia kujaza nafasi. Baada ya muda walikuwa wanafanana na wenye nyumba karibu kwa kila kitu. Mtaa unakulea. Mtoto wa Kayole alikuwa na haki ya kusema Kayole.

Mbona nimewapeleka huku kote? Juu kuna mahali ambapo hii haiwezi kuwa mjadala wa majina tu, na ni kifua kikuu. Kenya iko kwa orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa huo ugonjwa. Wengi wenu mnaosoma hapa mna kovu dogo la chanjo ya BCG kwa mkono wa kushoto. Robert Koch alitangaza bakteria yenyewe tarehe 24 Machi 1882, mwaka uleule wa mwiba wa Messina. Na bakteria huyo amefanya kitu cha dharau: anakaa ndani ya makrofaji. Anamezwa, halafu anazuia kile kifuko alichomo kisiunganishwe na vimeng'enyo. Jela imekuwa nyumba ya kupanga.

Swali ni: makrofaji gani? Kwa mapafu kuna za aina mbili kuu. Za kwanza ziko ndani ya vifuko vya hewa. Hizo ndizo hukusanya vumbi, moshi wa jiko na masizi ya Mombasa Road, na asili yao ni ya kiinitete. Za pili ziko ndani ya ukuta wa pafu, na kwa maambukizi hujazwa na monosaiti kutoka kwa damu. Mwaka wa 2018 watafiti wa Cornell, Marekani, walizitenganisha kwa panya walioambukizwa. Za vifuko vya hewa zilimpa bakteria maisha mazuri, mafuta ya kula, akazaana. Za ukutani zilimbana kwa chuma na sukari, akadumaa. Walipopunguza zile za vifuko vya hewa, bakteria wakapungua. Walipopunguza za ukutani, bakteria wakaongezeka.

Soma hiyo tena pole pole. Kuwa na walaji wengi kunaweza kukusaidia au kukuumiza, kulingana na ni wepi. Yule muuza unga wa kuongeza kinga hajui anaongeza gani. Ukimuuliza atakupa bei.

Hiyo ni kazi ya panya, na binadamu si panya, tushaona yaliyopata F4/80. Kwa mtu aliye hai kuna njia ya kuchukua makrofaji za mapafu: daktari anapitisha mrija hadi kwa pafu, anamwaga maji ya chumvi, anayavuta tena. Maji hayo yanarudi na zile za vifuko vya hewa, nyingi sana, juu ndizo zimekaa juu juu. Za ukutani hazitoki kwa kuoshwa. Unahitaji kipande cha nyama ya pafu chenyewe, na hicho unakipata mara nyingi mtu akiwa amefanyiwa upasuaji kwa sababu nyingine. Kwa hivyo zile tunazopata kwa urahisi kwa watu ni zile ambazo, kwa panya, zilikuwa zinamlisha bakteria.